Benki Kuu na Kikapu cha Nyumbani

Mke wa askari aendapo sokoni na fedha zilezile za mwezi uliopita, akarudi na kikapu kilichopungua, huwalaumu wachuuzi. Mara nyingi kosa si lao. Fedha zenyewe ndizo zilizopungua nguvu, na mlinzi wa nguvu hiyo ni Benki Kuu.

Hapa Uganda mlinzi huyo alianza kazi tarehe 15 Agosti 1966, Benki ya Uganda ilipofunguliwa mjini Kampala na kutoa shilingi yetu badala ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Benki hii haipokei akiba za raia mmoja mmoja. Hutoa noti na sarafu, hutunza fedha za Serikali pamoja na akiba ya fedha za kigeni, na husimamia benki za biashara ambamo mishahara yetu hupitia.

Ndugu msomaji huenda akauliza: ikiwa Benki Kuu ndiyo yenye noti, mbona isitoe nyingi zaidi ili askari na walimu waongezewe mishahara? Jibu lake tulilipata kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ilikopa mno Benki Kuu. Noti zikaongezeka, lakini bidhaa madukani hazikuongezeka. Hatimaye, mwezi Mei 1987, ikatolewa shilingi mpya. Shilingi 100 za zamani zikawa 1, tena asilimia 30 ikakatwa. Aliyekuwa na shilingi 10,000 chini ya godoro alipokea 70.

Kwa hiyo Katiba ya mwaka 1995 ikaagiza kwamba Benki ya Uganda, itendapo kazi zake, isiamrishwe na mtu wala mamlaka yoyote.

Silaha yake kubwa ni riba. Mwaka 2011, bei zilipopanda hata kuzidi asilimia 30 kwa mwaka, ilipandisha riba yake kutoka asilimia 13 mwezi Julai hadi 23 mwezi Novemba. Waliokuwa na mikopo waliumia sana. Hata hivyo, kabla ya mwaka 2012 kwisha, kasi hiyo ilishuka chini ya asilimia 10.

Basi, askari asikiapo kwamba Benki Kuu imekataa kulegeza riba, asidhani imemsahau. Naye yuko lindoni mpakani. Nayo iko lindoni penye kikapu cha nyumbani kwake.