Ioni na Utando wa Seli: Usawa au Urari?

Katika vyuo vikuu vya Kongo biolojia hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi atakaye kulieleza somo lake kwa Kiswahili hulifasiri neno *équilibre* kwa "usawa". Katika habari za umeme wa seli, tafsiri hiyo huficha kiini cha jambo. Makala haya yanakusudia kuonyesha sababu.

Seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi. Ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, haziupenyi ila kwa njia za protini. Ndani ya seli ya neva ukolezi wa potasiamu ni milimoli 140 hivi kwa lita. Nje ni 4 au 5 tu. Sodiamu ni kinyume chake: nyingi nje, kidogo ndani.

Utando uliotulia huipitisha potasiamu kwa wepesi kuliko sodiamu. Basi potasiamu hutoka, ikielekea kwenye uchache. Lakini kila ioni itokayo huondoka na chaji chanya, na ndani hubaki hasi. Hasi hiyo nayo huzivuta ioni zirudi. Nguvu hizo mbili zikitoshana, zitokazo hulingana na ziingiazo. Kwa kanuni ya Walther Nernst ya mwaka 1889, hali hiyo hupatikana kwenye milivolti -90 hivi. Kwa kuwa sodiamu kidogo huvuja kuingia, seli ya neva hutulia karibu na -70.

Tuzingatie: mivuto imetoshana, viwango havikulingana. Tena tofauti hiyo ya viwango hulindwa kwa gharama. Pampu aliyoieleza Jens Skou mwaka 1957 hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kwa nishati ya molekuli moja ya ATP.

Kwa hiyo usawa wa viwango ni mauti ya seli. Potasiamu ya damu ikizidi, kama kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, tofauti hupungua na moyo waweza kusimama. Mwanafunzi wa tiba aliyeambiwa kwamba seli hutafuta "usawa" ataielewaje hatari hiyo?

Tunapendekeza "urari". Wahasibu wanalijua neno hili: pande mbili za daftari hutoshana kwa jumla, ingawa yaliyoandikwa humo hayafanani. Ndivyo ulivyo utando wa seli iliyo hai.