Woki-toki ya zamani na transista yenye kazi mbili

Woki-toki za zamani zinazofika mezani kwa mafundi na wapenzi wa redio ni za koo tatu, na zote zinarudi kwa mhandisi mmoja wa Marekani, Edwin Armstrong. SCR-536, redio ya mkononi ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, ilipokea kwa mfumo wa superhetarodini aliouvumbua mwaka 1918. SCR-300, ya kubebwa mgongoni, ilikuwa na valvu 18 na ilitumia FM, ambayo Armstrong aliipatia hataza mwaka 1933. Ukoo wa tatu ni ule unaodharauliwa kuliko yote: woki-toki za watoto za miaka ya 1960 na 1970, nyingi zikitoka Japani na Hong Kong, zilizouzwa mbilimbili ndani ya boksi.

SCR-536 ilitengenezwa Chicago na Galvin Manufacturing, kampuni iliyokuja kuitwa Motorola. Ina valvu 5, uzito wa kilo 2.3 hivi, na nchi kavu sauti yake hufika kilomita moja na nusu. Haina swichi ya kuwashia. Antena ikivutwa redio inawaka, ikirudishwa inazimika. Masafa yake, kati ya megahezi 3.5 na 6, yanashikiliwa na vipande viwili vya fuwele, kimoja cha kurushia na kimoja cha kupokelea, vilivyoachana kwa kilohezi 455. Iliyopoteza fuwele zake ni bubu na kiziwi. Betri yake ya volti 103.5 haipatikani tena madukani, kwa hiyo wanaoifufua huunganisha betri ndogo 11 za volti 9 kwa mfululizo, wapate volti 99, na redio inaridhika. Mkono wa fundi usisahau kwamba volti hizo zinapiga.

Ya watoto ina transista tatu au nne tu, betri moja ya volti 9, na nguvu isiyozidi sehemu ya kumi ya wati kwenye megahezi 27. Mafundi wengi huiita takataka. Wanakosea, kwa sababu transista moja ndani yake inarusha na kupokea pia, na namna inavyopokea ni ya ajabu kuliko ilivyo kwenye redio nyingi za bei kubwa.

Transista ikirudishiwa sehemu ya nguvu inayoitoa, ukuzaji wake unaongezeka. Ikirudishiwa zaidi ya kipimo inaanza kutoa mawimbi yake yenyewe, kama spika za harusini zinavyolia maikrofoni ikisogezwa karibu mno. Ukuzaji mkubwa kabisa uko ukingoni, kabla tu ya mlio huo, na kwenye redio za mwanzo msikilizaji alilazimika kuushikilia ukingo huo kwa mkono, akizungusha kitufe kila mara. Mwaka 1922 Armstrong alitangaza njia nyingine: transista (wakati huo valvu) iachwe ivuke ukingo, kisha izimwe, iachwe tena, izimwe tena, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kasi ambayo sikio haliwezi kuifuata. Kila inapoanza upya, mawimbi yake yanakua kutokana na chochote kilichopo kwenye antena wakati huo. Kikiwepo kitu chenye nguvu yanakua mapema. Kikiwa hafifu yanachelewa. Tofauti hizo za kuwahi na kuchelewa ndizo zinazogeuka sauti ya mtu. Kwa njia hiyo kifaa kimoja cha bei ndogo hukuza mara laki moja na zaidi.

Pasipo na mtu anayerusha, mawimbi huanza kutokana na mtikisiko wa joto ndani ya saketi, usio na mpangilio. Ndipo unapotokea ule mvumo wa "shhhh" ambao wanunuzi huudhani ni ubovu. Mvumo huo ni dalili ya uzima. Redio iliyo kimya ndiyo mgonjwa. Woki-toki ya pili ikiwashwa na kitufe chake kubonyezwa, mvumo hufifia hata kabla ya neno kusemwa, na fundi anajua hapo hapo kwamba zote mbili zinafanya kazi. Kasoro ya mfumo huu ni kwamba redio inapokea huku ikivujisha mawimbi, na kuwasumbua walio karibu.

Kitufe cha kuongelea hugeuza kila kitu kwa mara moja: transista huacha kupokea ikaanza kurusha, na spika huwa maikrofoni. Kazi yote hiyo hubebwa na vipande vidogo vya shaba vinavyoteleza, na vikishika uchafu redio hurusha bila kupokea, au kinyume chake. Hapo fundi mwenye haraka huilaumu transista. Dawa ya kusafishia swichi na kubonyeza mara nyingi huponya bila kuchomoa chochote.

Kinachobaki ni uvumilivu. Unga mweupe wa betri ya alkalini husafishwa kwa siki. Kutu iliyoachwa na betri za zamani za zinki husafishwa kwa maji yenye magadi kidogo. Kapasita za elektroliti zilizokauka hubadilishwa zote. Transista ya germaniumu huchukia joto, hivyo mguu wake ubanwe kwa koleo pasi ya kulehemu inapogusa. Kiini cha koili kizungushwe kwa bisibisi ya plastiki, kwani cha feraiti hupasuka. Kung'oa matumbo yote ili gamba libaki pambo la sebuleni ni uharibifu usiostahili kuitwa ukarabati.

Nyingi kati ya woki-toki hizi za watoto zina kitufe cha Morse na herufi zake zimechapwa kwenye gamba, na wengi walioanzia hapo waliishia kufanya mtihani wa redio ya ridhaa. Tanzania leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na alama ya mwito huanza na 5H. Kenya huanza na 5Z. Bila leseni, majaribio yaishie mezani, antena ikiwa imekunjwa. Leo vifaa hivi hutumika kufundishia, kwenye maonyesho na filamu, na kwa kukusanya tu.

Aliyenayo kabatini aitoe betri leo, na asiitupe jalalani na taka nyingine. Redio yenyewe aipeleke kwa fundi, fuwele zikiwa mahali pake.