Wiki moja ya tanga, Lamu hadi Kiwayu

Watu wengi wanaotaka kuzunguka visiwa vya Lamu kwa jahazi huanza kwa kuuliza bei. Nahodha mzoefu atakuuliza kwanza unakuja mwezi ngapi, kwa hesabu ya mwandamo. Likizo inaweza kusogezwa. Maji hayasogezwi.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na pande hizi maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, halafu kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Ukitoka Lamu siku ya bamvua, basi katikati ya asubuhi, wakati chai imeshanyweka na watoto wamechangamka, bahari ndiyo inakauka. Hori la kuingilia Siyu, kisiwani Pate, lina matope na mikoko huku na huku, na chombo kikikwama humo hakuna la kufanya ila kungoja. Ngoja mwezi ufike siku tatu au nne. Hapo maji yatajaa asubuhi mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja na kitu, na kadiri wiki inavyosonga yatakuwa yanajaa mchana. Safari nzima utakuwa unaingia bandarini kukiwa na mwanga.

La pili ni upepo. Kiwayu iko kama kilomita 50 kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu, kwa hiyo Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, unakwenda ukiwa umeelekea upepo na kurudi unasukumwa. Kusi hugeuza mambo: kwenda ni raha, kurudi ni jasho, na Juni na Julai bahari ya nje haifai kwa mtu aliyezoea basi. Mimi ningechagua kaskazi bila kusita. Taabu iwe mwanzoni, wakati watu bado wana hamu na vyakula bado vipo. Wanaopenda maji matulivu ya kuogelea nao wana demani, Oktoba na Novemba, lakini wawe na subira, maana kuna siku tanga litaning'inia tu.

Kwenda bisho, yaani kupanda upepo kwa kugeuzageuza, ni kazi ya kutazamwa kwenye jahazi. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, haivuki mlingoti kirahisi. Nahodha anapogeuza chombo, baharia mmoja hulegeza demani, yaani kamba ya tanga, mwingine hukimbilia omo akaisimamisha foromali karibu wima, kisha tanga lote hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili huku likipigapiga kwa kishindo. Abiria hana kazi ila kuinamisha kichwa na kuhama upande anaoambiwa. Aambiwe mapema pia kwamba anaweza kuhamishwa hivyo mara nyingi kabla ya adhuhuri.

Maji ya kunywa ndiyo yanayowaangusha wapangaji wengi. Visima vingi vya visiwani vina chumvichumvi, na wenyeji wa Pate na Kiwayu wamezoea kuhifadhi maji ya mvua kwenye majabia. Si haki mgeni kuyamaliza. Chukua abiria watano na mabaharia watatu, kila mmoja lita tano kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku saba. Ni lita 280, yaani madumu 14 ya lita 20. Yapangwe chini, katikati ya chombo, yasaidie farumi, ule uzito wa kukituliza chombo. Mchele, unga, viazi, vitunguu, tangawizi na ndimu zinunuliwe Lamu. Nazi pia, na mbuzi ya kukunia isisahaulike. Kitoweo kitavuliwa njiani au kununuliwa kwa wavuvi, na wali utapikwa juu ya makaa, jiko likiwa ndani ya sanduku la mchanga. Choo ni suala la kuulizwa waziwazi kabla ya kulipa arubuni, hasa kama kuna mabibi safarini.

Njiani, nakushauri usitake kushuka kila mahali. Takwa, upande wa Manda, inatosha kwa asubuhi moja: magofu ya mji uliohamwa karne ya 17, msikiti, na mibuyu. Kisha pita Mkanda, kati ya Manda na bara, utokee ghuba ya Manda, ambako gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021. Ni ajabu kulitazama ukiwa ndani ya chombo cha mbao.

Pate ndiyo ya kukaa, na ningeipa siku mbili. Katika mji wa Pate watu wanalima tumbaku katikati ya kuta za Wanabahani, watawala wa zamani wa Pate, kuta zilezile zilizomliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga utenzi wa Al-Inkishafi. Siyu kuna ngome ya karne ya 19, na mji huo ulisifika kwa wanazuoni, wanakili wa Kurani na mafundi wa ngozi. Shanga haiko mbali, ila uende na mtu anayeijua njia. Wachimbuaji walipata hapo msikiti wa karne ya nane, na bila kuelezwa utaona mawe tu.

Kiwayu ni kisiwa chembamba, mchanga mtupu upande wa bahari. Mwaka 2011 wageni walishambuliwa bara, mkabala na kisiwa hicho, na kule Manda, na utalii wa eneo zima ukaporomoka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Lamu uliza polisi na ofisi za serikali hali ikoje wiki hiyo, kila mtu abebe kitambulisho, na usisafiri usiku. Nahodha akikwambia wiki hii tuishie Faza, kisiwani Pate, ishieni Faza. Boti za abiria za kurudi Lamu zipo, na aliyechoka na bahari anaweza kuzipanda akawaacha wenzake waendelee na tanga.