Turubai la Lori na Mshahara wa Kijana Wetu

Alitujia mama mmoja baada ya swala ya Isha, akifuatana na mwanawe aliyekuwa akichechemea. Kijana huyo tulimsomesha chuoni alipokuwa mdogo. Sasa ana umri wa miaka 22, naye ni utingo wa lori la mizigo, au taniboi kama wanavyoitwa barabarani. Mama hakuja kuomba dua peke yake. Mwanawe alikuwa ameanguka kutoka juu ya mzigo alipokuwa akiufunika kwa turubai, na juu ya maumivu hayo mwajiri alimkata mshahara, kwa sababu magunia ya mchele yaliyokuwa yakipelekwa Kisumu yalifika yamerowa.

"Maalim," alituuliza, "mwanangu ameumia, na bado alipe yeye?"

Hatukuwa na jibu. Sisi turubai tunalolijua ni lile la harusini na matangani, ambalo vijana hulisimamisha asubuhi na kuling'oa usiku. Kwa hiyo tukaomba tupelekwe tukajionee. Dereva mmoja mtu mzima, aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka 30, alikubali kutuonyesha kazi hiyo katika uwanja wa malori huko Changamwe. Tunaandika tuliyoyaona kwa kuwa nyumba nyingi za mitaa yetu zinapata riziki kwa malori, na mgongo ukishaumia, anayeuguza ni mama au mke.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni uzito. Turubai la plastiki nzito, lenye gramu 600 kwa kila mita ya mraba, likiwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, hufikia kilo 48 likiwa kavu. Huo ni karibu mfuko mzima wa saruji. Lile la maradufu ya pamba likinyeshewa huzidi kuwa zito, maana pamba hunywa maji. Basi mzigo huo kijana huuweka begani, akapanda nao juu ya magunia, mahali palipo zaidi ya mita 3 kutoka ardhini, pasipo na ukuta wala cha kushikilia, kwani trela la namna hiyo ni jukwaa tupu.

Mzee yule alimwuliza kijana turubai lilikuwa limekunjwaje siku aliyoanguka. Kijana akainamisha kichwa. Alikiri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelikunja mwisho wa safari iliyotangulia, usiku, likiwa bado na maji, tena kwa kulibumbanya kama nguo chafu, kwa sababu dereva wake alikuwa akimhimiza. Siku ya pili alipolipandisha juu hakujua upi ni upande wa mbele na upi wa nyuma. Akawa analivuta huku akirudi kinyumenyume, kitambaa kimegandamana. Ghafla kikaachia, naye akaenda nacho. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na turubai lililofunuliwa nusu hugeuka tanga.

Kukunja, basi, ndiko kunakoamua kazi ya kesho. Turubai hutandazwa mahali safi pasipo mawe wala mafuta ya dizeli, likafagiliwa mchanga. Pande mbili za upana huletwa katikati, kisha tena, mpaka libaki kama mkeka mwembamba mrefu. Ndipo ncha ya mbele na ya nyuma nazo hukunjwa kuelekea katikati. Faida yake ni kwamba bunda likiwekwa katikati ya mzigo, hufunguka kwenda mbele na nyuma, kisha pande zake huteremshwa kulia na kushoto, na mtu hana haja ya kuliburura juu ya magunia. Alama ya rangi hutiwa kwenye upindo wa mbele, ili aliye juu asibahatishe. Kama kuna foklifti, bunda lipandishwe kwa foklifti. Kama hakuna, walibebe watu wawili. Aliye juu asitembee kinyumenyume hata hatua moja, wala asijizungushie kitambaa au kamba mkononi, kwa kuwa upepo ukilichukua turubai utamchukua na yeye.

Likikunjwa na maji, la pamba huingia ukungu na kuoza, na la plastiki hugandamana na kutoa harufu. Safari ikimlazimisha mtu kulikunja hivyo, alitandaze tena jua likitoka. (Wanaotukodisha maturubai ya harusi nao wangeliyasikia haya. Tumewahi kufungisha nikaha chini ya ukungu wa wiki iliyopita, bwana harusi akipiga chafya.)

Kuhusu mchele uliorowa, mzee alitufafanulia kwa mfano ambao kila mtu wa pwani anaujua. Fundi wa makuti huanzia chini penye upenu, akapanda juu, ili kila safu iifunike iliyo chini yake na maji yateleze. Trela refu likihitaji maturubai mawili, la nyuma hutangulia kutandikwa, kisha la mbele hulilalia. Lori likienda, upepo hupita juu ya kiungo hicho na kukibana. Ukianza na la mbele, ukingo wa lile la nyuma hukabili upepo. Huinuliwa, na mvua huingia moja kwa moja. Lori lile lilipitia Kericho, na mvua ya Kericho wasafiri wanaijua. Vilevile makunjo ya pembeni yote yaangalie nyuma, na penye pembe kali pawekwe gunia kuukuu au kipande cha mpira, turubai lisitoboke. Mipira ya kufungia inayokatwa kwenye tyubu ivutwe uso ukiwa kando, kwa maana ikikatika hupiga jicho. Wakati wa kufunua, maji yaliyotuama juu yasukumwe kwanza yamwagike nje.

Na nani alitandika maturubai siku ile? Kijana alikuwa ameshapelekwa hospitali. Wapakizi waliokuwa karibu ndio waliomalizia, na lori likaondoka.

Hatumwondolei utingo dhima. Mzigo ni amana, na anayeuacha urowe kwa uzembe ana la kujibu. Lakini kiungo cha mfanyakazi nacho ni amana mikononi mwa anayemtuma juu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha wastani kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kosa la makusudi. Aliyekuwa amelala hospitali hakukusudia chochote. Tena iko sheria ya mwaka huohuo ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mwajiri aarifiwe mapema, na ni vyema aarifiwe kwa maandishi. Madai yawasilishwe kabla ya kupita miezi 12 tangu ajali. Kina mama, msitupe karatasi za hospitali hata zikichakaa, na siku ya ajali iandikeni pamoja na majina ya waliokuwepo.

Barua tuliiandika pamoja na mama yule Alhamisi, nakala akabaki nayo. Jibu bado. Tulipokuwa tukiagana, kijana alituomba kopo la rangi nyekundu lililosalia tulipopaka mlango wa madrasa. Anataka kuandika MBELE kwenye upindo wa turubai, siku atakayorudi kazini.