Shahada ya habari za michezo: Wazazi Manyoni wapige hesabu kabla ya kuuza alizeti

SOKO la habari za michezo nchini limekua, lakini viti vyake bado vinahesabika. Hilo ndilo la kupimwa na mzazi wa Manyoni kabla hajauza alizeti, asali au ng'ombe ili kumpeleka chuo kikuu kijana anayetaka kuwa mtangazaji wa mpira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwajiri wa watangazaji Tanzania Bara alikuwa mmoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaingia hewani. Tangu hapo bidhaa hii imekuwa na wanunuzi wengi.

Fedha zipo

Mei 2021, Shirikisho la Soka (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Huo ni wastani wa Sh. bilioni 22.56 kwa mwaka. Mwaka huo huo benki ya NBC iliingia kama mdhamini mkuu wa ligi. Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Viti ni vichache

Kanuni za leseni za klabu za CAF zinadai klabu iwe na afisa habari. Ligi Kuu ina klabu 16, yaani viti 16 kwa nchi nzima. Simba na Yanga walipojaza nafasi hizo mwaka 2022 waliwachukua Ahmed Ally na Ali Kamwe, ambao wote walikwishajulikana kupitia Azam TV. Mnunuzi alifuata sauti iliyokwishapimwa sokoni, hakufuata cheti kitupu.

Hata hapa mkoani mwajiri hatulii. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 na kushuka 2020. Ikaja Singida Big Stars mwaka 2022, ikageuka Singida Fountain Gate 2023, na mwaka 2024 Ihefu ya Mbeya ikahamia Singida kwa jina la Singida Black Stars. Afisa habari wa timu za namna hii anaweza kuamka akakuta kibao cha ofisi kimebadilishwa.

Njia ya kusoma

Wengi hawaanzi na shahada ya michezo. Husomea uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au uhusiano, kisha hujikita kwenye michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya fani hizo, na SAUT ya Mwanza inazifundisha pia. Anayependa zaidi ukocha na uongozi wa michezo ana Chuo cha Malya, wilayani Kwimba.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zinamtaka mwandishi awe na stashahada angalau. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo anaweza kuanzia hapo, akafanya kazi redio za mikoani, na kurudi kuchukua shahada akiwa na jina.

Mkopo nao si zawadi. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Anayelipwa Sh. 600,000, kwa mfano, huacha Sh. 90,000 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na nauli.

Ushauri wa wiki

Mzazi amwulize kijana maswali matatu. Je, ataweza kuuza ujuzi huo nje ya mpira, kama vile kwenye uhusiano wa mabenki na kampuni za matangazo? Je, anamudu Kiingereza, na yuko tayari kujifunza Kifaransa kinachotumika CAF? Je, ameanza kutangaza mechi za shule na za wilaya bila kusubiri chuo?

Majibu yakiwa ndiyo, alizeti iuzwe. Yakiwa hapana, gunia libaki ghalani kwanza. Mwelekeo wa soko hili ni wa kupanda, ila faida inakwenda kwa anayefika na mzigo uliokwishapepetwa.