Simu Isiyo na Waya, Barua Isiyo na Upepo: Istilahi za Mitandao na Uchakataji wa Karibu katika Kiswahili

Neno simu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako sim ni waya. Waya wa telegrafu ulipofikishwa Unguja kutoka Aden mwaka 1879, ukiwa umelazwa chini ya bahari, jina hilo lilikuwa sahihi kabisa. Baadaye yalikuja mawasiliano ya redio, na wenye lugha wakayaita simu ya upepo. Ikafuata barua pepe, iliyoundwa kwa kufuata picha hiyo hiyo ya kitu kinachopeperuka. Leo mwanafunzi aliyepanga chumba Sinza anashika simu isiyoguswa na waya wowote, kisha anatuma barua pepe ambayo, ikishaufikia mnara wa jirani, husafiri karibu njia yote ndani ya nyuzi za kioo. Kilichoitwa waya kinapita hewani, na kilichoitwa upepo kinapita ndani ya waya.

Kinyume hicho hakijamdhuru mtu. Maneno yaliyozoeleka huendelea kufanya kazi hata asili yake inaposahauliwa, na hakuna msemaji anayefikiria Kiajemi anapoomba namba ya simu. Hali ni tofauti kwa istilahi ambayo bado haijatulia. Mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Anapokutana na dhana ya kiufundi kwa Kiswahili, mara nyingi istilahi yenyewe ndiyo maelezo pekee anayoyapata. Istilahi ikielekeza kusiko, dhana nayo hupotea. Mhadhara huu unahusu kundi moja la dhana za aina hiyo: mitandao isiyo na waya, uchakataji wa data unaofanyika karibu na mtumiaji, na teknolojia za miwani zinazomwonyesha mtu mandhari isiyokuwapo, au zinazoongeza taswira juu ya mandhari iliyopo.

Mchelewo

Inafaa kwanza kuieleza shida yenyewe. Mtu aliyevaa miwani ya aina hiyo anapogeuza kichwa, taswira iliyo mbele ya macho yake haina budi kugeuka naye. Kipimo kinachotajwa sana na wahandisi ni milisekunde 20 tangu kichwa kigeuke hadi taswira ibadilike. Muda ukizidi hapo, macho yanasema jambo moja na sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, linasema jingine. Matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiwa hesabu za kuichora taswira zinafanywa na miwani yenyewe, lazima iwe na nguvu nyingi, na kwa hiyo iwe nzito, yenye joto na yenye kumaliza betri haraka. Ikiwa zinafanywa na mtambo wa mbali, data lazima iende na kurudi ndani ya muda huo.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Mtambo ukiwa Ulaya, umbali wa waya wa kilomita 10,000, safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 100 hata kama njiani hakuna kizuizi chochote. Hakuna fedha wala ustadi utakaoipunguza safari hiyo, kwa kuwa mwendo wa mwanga haubembelezwi. Tukichukulia kwamba kati ya zile milisekunde 20 zimebaki 5 kwa ajili ya safari, baada ya vihisi, uchoraji na kioo cha kuonyeshea kuchukua sehemu zao, mtambo hauwezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 500. Kwa mtu wa Sinza, huo ni umbali unaozidi kidogo tu mwendo wa barabara hadi Dodoma.

Dhana hii ya muda unaopotea njiani imeanza kuitwa ucheleweshaji. Umbo hilo lina kasoro. Ucheleweshaji unatokana na chelewesha, kitenzi chenye mnyambuliko wa kusababisha. Kinadai awepo mcheleweshaji. Msomaji anapata picha ya uzembe wa kampuni fulani, hali sehemu kubwa ya muda huo haina mkosaji. Uchelewevu nao ni tabia ya mtu. Kiswahili kina kiolezo kingine, kile cha tetema na mtetemo, au enda na mwendo, ambacho hutaja tukio bila kumtaja mtendaji. Mchelewo ungefuata kiolezo hicho, na tena ungeweza kupimwa na kuhesabiwa: mchelewo wa milisekunde 5, michelewo miwili tofauti.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba wasemaji wa mitaani wametangulia. Katika vituo vya Sinza, kuanzia Mori hadi Makaburini na kwa Remmy, kijana anayetazama mpira kwenye simu hatasema tu kuwa mtandao unasumbua. Atasema picha inaganda, sauti inakatakata, au kitu kinazunguka tu. Inayokatakata ni ile ambayo vipande vyake vya data vinapotea njiani. Inayozunguka inasubiri data ya kutosha ijazane. Na anayelalamika kwamba mwenzake wa upande wa pili anajibu kwa kuchelewa ameutambua mchelewo wenyewe. Tofauti hizo ni za kihandisi hasa. Mwandishi wa kamusi anayezipuuza kwa kuwa zimetoka kibarazani anajinyima data iliyokwisha kupangwa.

Mkonge na data

Njia iliyobuniwa ili kuupunguza mchelewo ni kuisogeza mitambo karibu na watumiaji: kwenye kituo cha mnara, kwenye jengo la kampuni ya simu mjini, au hata ndani ya jengo lenye watumiaji wengi. Kiingereza kimeiita dhana hii kwa neno lenye maana ya ukingo. Majina ya jamaa zake yametoka angani: mitambo ya mbali iliitwa wingu, mwaka 2009 Mahadev Satyanarayanan na wenzake wakapendekeza vijiwingu, yaani mitambo midogo iliyo jirani na mtumiaji, na mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya Cisco wakaja na ukungu, kwa sababu ukungu ni wingu lililoshuka karibu na ardhi. Kiswahili kimelipokea wingu bila taabu. Ukungu ungepata shida, kwani kwa msemaji wa kawaida ni kitu kinachozuia kuona.

Lakini ni ukingo unaohitaji kutazamwa zaidi. Ukingo wa nini? Ni ukingo wa mtandao unaotazamwa na mtu aliyesimama katikati yake, na katikati hiyo iko Virginia au Dublin. Kwa mtazamo huo Sinza ni pembezoni. Kwa mkazi wa Sinza, hata hivyo, mtambo uliowekwa Kijitonyama hauko ukingoni mwa chochote. Uko jirani, na ujirani huo ndio faida yake yote. Tafsiri za uchakataji wa ukingoni au wa pembezoni zinabeba mahali aliposimama mtaja jina na kuacha sababu ya kitu kuwapo. Uchakataji wa karibu, au wa jirani, unaitaja sababu hiyo moja kwa moja.

Kuhusu nusu ya kwanza ya istilahi hiyo, ushindani uko kati ya ukokotoaji na uchakataji. Kukokotoa ni kupiga hesabu, na ni kweli kwamba kila kinachofanywa na kompyuta hatimaye ni hesabu. Hata hivyo, msomaji akisikia ukokotoaji huwaza tarakimu, si picha ya chumba inayogeuka pamoja na kichwa chake. Itakumbukwa kwamba tarakilishi nayo iliegemea tarakimu, na pamoja na ngamizi ikashindwa na kompyuta katika matumizi ya Watanzania wengi. Kuchakata kuna historia nzuri zaidi. Kabla ya kuchakata data, Watanzania walichakata mkonge.

Mkonge uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Richard Hindorf mwaka 1893, na ukaenea katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Jani lake ni zito na limejaa maji. Nyuzi zinazotakiwa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Tena jani likishakatwa halingoji, kwani likikauka nyuzi hubanduka kwa shida. Kwa sababu hizo mbili hakuna aliyesafirisha majani hadi bandarini. Mashine ya kuchakata, iliyojulikana mashambani kwa jina la korona, ilijengwa katika shamba lenyewe, na majani yakaletwa kwa vitoroli vya reli nyembamba. Kilichosafiri hadi Tanga mjini, na kutoka hapo hadi ng'ambo, ni nyuzi kavu zilizofungwa marobota.

Karibu kila sehemu ya mpangilio huo inalingana na uchakataji wa karibu. Kamera za miwani hutoa data nzito, ambayo sehemu yake ndogo tu ina manufaa. Data hiyo hupoteza thamani katika muda mfupi sana. Kwa hiyo huchakatwa palepale, na kinachopelekwa mbali ni matokeo tu. Mwalimu anayetaka kuieleza dhana hii kwa mwanafunzi wa Korogwe hahitaji wingu wala ukungu. Ulinganisho huu una mpaka wake, bila shaka: nyuzi za mkonge hazirudi shambani, ilhali taswira iliyochorwa lazima irudi kwa aliyevaa miwani.

Hali ilivyo

Mtandao wa kizazi cha tano ulizinduliwa kibiashara Dar es Salaam na Vodacom Tanzania mnamo Septemba 2022. Mara nyingi watu huelezwa kwamba kizazi hiki ni kasi tu. Kasi ipo, lakini kwa miwani inayozungumziwa hapa faida kubwa zaidi ni kupungua kwa mchelewo katika kipande cha hewani, kati ya kifaa na mnara. Kipande hicho kikishafupishwa, mchelewo unaobaki ni wa nyuzi, na dawa yake ni kuwa na mtambo wa karibu; mnara mpya unaotegemea mtambo wa Ulaya ni nusu ya dawa. Kuna pia jambo la kuta. Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma, na nyumba zake ni za matofali ya saruji. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 3.5, ambayo ni ya kawaida kwa kizazi cha tano, hupenya kuta hizo kwa shida kuliko mawimbi ya masafa ya chini.

Ujirani wa data una faida nyingine isiyohusu miwani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku hizo mtumiaji yeyote aliweza kutambua, bila kufundishwa, ni vitu gani vilihifadhiwa nchini na ni vipi vilivuka bahari. Kituo cha kubadilishana data cha Dar es Salaam, TIX, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wazo linalokaribiana na hili: barua kutoka Sinza kwenda Temeke isizunguke Ulaya. Na kabla bando halijawa rahisi, vijana wenye vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu katika flashi walikuwa wameijenga ghala ya jirani kwa mikono yao. Wahandisi huita kitu hicho kwa jina la kitaalamu. Mtaani kiliitwa kibanda tu.

Uhalisia au uhalisi

Limebaki jina la kinachoonekana ndani ya miwani. Uhalisia pepe limeanza kukubalika. Sehemu yake ya pili inafuata barua pepe, ingawa wakulima wa mpunga wanalijua neno pepe kwa maana nyingine: punje tupu, ganda lisilo na kiini. Huenda msomaji mwenye shaka na teknolojia hii akaona kwamba wakulima hawajakosea sana. Sehemu ya kwanza ina tatizo kubwa zaidi. Katika uhakiki wa fasihi, uhalisia ni jina la mkondo: namna ya kuandika inayodai kuyasawiri maisha kama yalivyo. Mwanafunzi anayesoma uhalisia wa riwaya asubuhi na uhalisia pepe jioni anapewa umbo moja kwa dhana mbili, na hizo mbili zinakaribiana kiasi cha kuchanganya. Uhalisi, yaani hali ya kuwa halisi, lingeepusha mgongano huo. Kwa aina inayoongeza taswira juu ya mandhari ya kweli pangekuwa na uhalisi ongezwa, na kwa jina la jumla, uhalisi panuzi.

Kiongozi cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, kilisisitiza kwamba uundaji wa istilahi uanzie ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kugeukia kwingine. Ushauri huo bado una nguvu, ila ndani ya Kiswahili ni pana kuliko kamusi. BAKITA inaweza kusanifisha mchelewo au kuukataa. Haiwezi kumzuia kijana wa Sinza kusema inaganda. Na vifaa hivi huamrishwa kwa sauti, kwa kuwa mvaaji wa miwani hana kibodi. Mtambo wa kutambua sauti, uwe wa mbali au wa jirani, hujua tu matamshi uliyofundishwa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipoanza kukusanya sauti za Kiswahili mwaka 2021, kilichohitajika kwanza hakikuwa orodha ya istilahi, bali watu wa kawaida wenye lafudhi mbalimbali, wakisoma sentensi moja moja mbele ya simu zao.