Picha za kale zaumbua makumbusho yaliyomtumikia Hitler

Na Mwandishi Wetu

UKIITAZAMA picha hiyo kwa haraka utadhani ni mazishi. Ndani ya kanisa la kale mjini Quedlinburg, Ujerumani, yupo Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS kilichoogopwa kote Ulaya, akiwa na wakuu wenzake waliovalia sare, wote wakitoa heshima kwa marehemu.

Lakini marehemu mwenyewe hakufa juzi wala jana. Ni Mfalme Heinrich wa Kwanza, aliyeaga dunia mwaka wa 936. Sherehe ilifanywa Julai 2, 1936, siku alipotimiza miaka 1,000 kaburini. Mwaka uliofuata, mifupa iliyofukuliwa na wachimbaji wa SS ilizikwa tena kwa heshima zote, ikidaiwa kuwa ndiyo ya mfalme huyo. Hatimaye waumini walifukuzwa katika kanisa lao, nalo likawa mahali pa ibada za SS.

Picha za aina hiyo ni nyingi. Zilikaa kwa miaka katika makabati ya makumbusho na katika albamu za familia. Nyingine zilikuwa kwenye vipande vya vioo ambavyo maprofesa walivitumia kuwaonyesha wanafunzi picha ukutani. Tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikitolewa na kuchunguzwa upya. Zinachoanika ni jambo ambalo wazee wengi wa taaluma ya akiolojia huko Ujerumani hawakupenda kulizungumzia: kwamba waliochimbua vyungu na mifupa hawakuwa watazamaji tu wa siasa za Hitler. Walikuwamo, na wengine walikuwa mstari wa mbele.

Mtu atauliza, je, dikteta aliyekuwa akiunda vifaru na ndege za kivita alitaka nini na vigae vya vyungu?

Jibu laanza na profesa mmoja wa Berlin aliyeitwa Gustaf Kossinna, ambaye alifariki mwaka wa 1931, kabla Hitler hajashika hatamu. Kossinna alifundisha kwamba kila aina ya chungu ina kabila lake. Palipo na vyungu vya mtindo fulani, basi waliishi watu wa damu fulani. Kwa hiyo ukichimbua mahali na kukuta vyungu alivyoviita vya Kijerumani, ardhi hiyo ni ya Wajerumani, hata kama wanaoilima leo ni watu wengine kabisa.

Hoja hiyo ina tundu ambalo hata mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuliona. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, wachimbaji walikuta vyombo vya kauri kutoka China. Nani atakayesema Gedi ilijengwa na Wachina? Vyungu husafiri. Vyungu huuzwa, huibwa, huigwa na hupewa maharusi.

Hata hivyo, hoja ya Kossinna ilikuwa tamu masikioni mwa waliotaka kusikia. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kupokonywa sehemu za mashariki, yeye mwenyewe aliandika mwaka wa 1919 kudai kwamba bonde la mto Vistula, nchini Poland, lilikuwa makao ya Wajerumani tangu zama za kale. Wanazi walipochukua serikali mwaka wa 1933, walikuta ramani imekwisha kuchorwa.

Wasomi wapata neema

Lakini tusidhani kwamba wanaakiolojia walishikiwa bastola. Kabla ya 1933, somo la historia ya kale ya Ujerumani lilikuwa kama mtoto wa kambo. Fedha na sifa zilikwenda kwa waliochunguza Roma, Ugiriki na Misri. Utawala mpya ulileta neema. Kati ya 1933 na 1935 nafasi mpya nane za uprofesa zilianzishwa katika vyuo vikuu, na makumbusho yaliyokuwa yakiomba senti yakaanza kusikilizwa na wakubwa. Wengi walikimbilia sahani hiyo iliyojaa bila kuuliza nani amepika.

Ajabu ni kwamba Hitler mwenyewe hakuvutiwa sana na mambo hayo. Albert Speer, aliyekuwa msanifu wake wa majengo, aliandika baada ya vita kwamba Hitler alimcheka Himmler kwa kuchimbua vijiji vya udongo, wakati Warumi walikuwa wamekwisha kujenga majumba ya fahari. Kwa maoni ya Hitler, kufukua hayo ni kujiaibisha mbele ya dunia.

Waliong'ang'ania udongo huo walikuwa vigogo wawili waliochukiana. Mmoja ni Himmler, ambaye mwaka wa 1935 alishiriki kuanzisha shirika la utafiti lililoitwa Ahnenerbe, maana yake urithi wa mababu. Wa pili ni Alfred Rosenberg, mwanafalsafa wa chama cha Nazi. Kila mmoja alikuwa na wasomi wake na machimbo yake, na kila mmoja alinyemelea makumbusho.

Msomi mkuu wa Rosenberg aliitwa Hans Reinerth. Alizaliwa mwaka wa 1900 huko Transylvania, sehemu ambayo sasa iko nchini Romania, akasomea Tübingen. Alikuwa mchimbaji hodari, hilo halina ubishi. Ila alikuwa pia mtu wa makuu. Alijiunga na chama cha Nazi mwaka wa 1931, na kufikia 1934 alikuwa profesa Berlin, akiwaandama wenzake aliowaona kuwa wapenda Roma na wasaliti wa Ujerumani.

Mmojawapo wa walioonja shubiri hiyo ni Gerhard Bersu, mkuu wa taasisi mashuhuri ya akiolojia mjini Frankfurt. Kosa lake ni kuwa na asili ya Kiyahudi. Aliondolewa katika cheo chake mwaka wa 1935, akaishia Uingereza. Vita vilipozuka, Waingereza nao wakamweka kizuizini katika kisiwa cha Man kwa kuwa ni Mjerumani! Bersu hakukata tamaa. Aliomba ruhusa ya kuchimba kisiwani humo, na akachimba pamoja na wafungwa wenzake huku askari wakiwalinda. Kazi aliyofanya akiwa mfungwa inasomwa na wataalamu hadi leo, tena kuliko mengi yaliyoandikwa na waliomfukuza.

Kijiji juu ya maji

Jina la Reinerth limefungamana hasa na Unteruhldingen, kijiji kilicho kando ya ziwa Constance, kusini mwa Ujerumani. Hapo, mwaka wa 1922, chama cha wenyeji kilijenga nyumba mbili za miti na makuti juu ya nguzo zilizosimama majini, mfano wa nyumba za Enzi ya Mawe ambazo mabaki yake yamechimbuliwa katika sehemu hizo. Watu walipenda sana. Badala ya kutazama kigae ndani ya kabati la kioo, mgeni aliingia nyumbani kwa mtu wa kale, akaona meko na zana zake.

Mwaka wa 1938 makumbusho hayo yaliwekwa chini ya umoja wa kitaifa ulioongozwa na Reinerth, yakapewa jina jipya lenye kunadi zama za kale za Kijerumani. Kati ya mwaka huo na 1940 kijiji kingine cha Enzi ya Mawe kilijengwa. Nguzo zilikuwa zile zile na maji yale yale. Kilichobadilika ni hadithi aliyosimuliwa mgeni. Mvuvi wa miaka elfu kadhaa iliyopita, ambaye hakujua kama kutakuwa na kitu kiitwacho Ujerumani, aligeuzwa babu wa askari wa Hitler.

Hapo ndipo picha zina nguvu, na ndipo pia zina hatari. Picha ya nyumba ya nyasi, ikitazamwa peke yake, haina hatia. Wazazi na watoto wao wanaweza kuitazama na kufurahi. Lakini igeuze. Nyuma yake huenda kuna muhuri wa ofisi iliyoiagiza, au maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya maonyesho. Linganisha picha nzima na ile iliyochapishwa kitabuni baada ya vita, uone kama kuna bendera au mtu mwenye sare aliyekatwa pembeni. Mpiga picha huonyesha anachotaka, na mwenye mkasi huonyesha kidogo zaidi.

Madhara ya hadithi hizo hayakubaki ndani ya makumbusho. Tazama Biskupin, nchini Poland. Mwaka wa 1933 mwalimu wa shule aliona magogo yakichomoza kandokando ya ziwa, na mwaka uliofuata Profesa Józef Kostrzewski wa Poznań akaanza kuchimba. Kilichofukuliwa kilishangaza dunia: mji mzima wa mbao, wenye ukuta, barabara za magogo na nyumba zipatazo mia moja zilizopangwa safu kwa safu. Wapoland waliupiga picha kutoka angani kwa kutumia puto la jeshi. Kwao mji huo ulikuwa ushahidi kwamba mababu wa Waslavi ndio wenye nchi.

Wajerumani walipoivamia Poland mwaka wa 1939, Kostrzewski ilimbidi kujificha. Chuo kikuu chake kilifungwa. Biskupin ikapewa jina la Kijerumani, Urstädt, na kuanzia 1940 hadi 1942 shirika la Himmler lilichimba pale pale likiongozwa na Hans Schleif, safari hii ili kuthibitisha kwamba wenye mji walikuwa Wajerumani.

Na hapa kuna kichekesho kichungu. Kostrzewski mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Kossinna! Alisomea kwake Berlin, akajifunza silaha ile ile, kisha akaielekeza upande wa pili. Baadaye wataalamu walihesabu pete za ukuaji katika magogo hayo na kugundua kwamba miti mingi ilikatwa karibu mwaka wa 738 kabla ya Kristo. Wakati huo hapakuwa na Mjerumani wala Mpoland.

Mbuzi wa kafara

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, wanaakiolojia wa Ujerumani walikuwa na swali gumu: nani alaumiwe? Walimpata Reinerth. Mwaka wa 1949 walikutana mjini Regensburg na kutangaza kwamba wamejitenga naye. Alistahili lawama, kwani aliwaumiza wengi, na wakati wa vita aliongoza machimbo hadi Ugiriki iliyokuwa imetekwa. Hata hivyo alirudi Unteruhldingen na kuyasimamia makumbusho ya ziwani hadi uzeeni.

Lakini je, ni yeye peke yake? Mfikirie Herbert Jankuhn, mchimbaji wa mji wa Waviking wa Haithabu. Huyu alikuwa afisa wa SS, na kazi yake ilifadhiliwa na Himmler. Mwaka wa 1942 alitumwa hadi Crimea, nyuma ya majeshi yaliyokuwa yakiua watu kwa maelfu, kutafuta katika makumbusho ya huko vitu vya Wagothi, ambao Wanazi waliwahesabu kuwa jamaa zao. Baada ya vita alizuiliwa kwa muda, akaachiliwa, na kufikia 1956 alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Göttingen. Alifundisha kizazi kizima, akaheshimiwa.

Kwa nini mmoja alitengwa na mwingine akapewa kiti? Kwa maoni ya mwandishi huyu, Reinerth aliwaudhi wenzake, Jankuhn hakuwaudhi. Kumlaumu mmoja kulikuwa njia rahisi ya kuwasafisha wengine. Na mwanafunzi gani angethubutu kufungua kabati la profesa ambaye ndiye atakayemtafutia kazi?

Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1990. Ukuta wa Berlin ulikuwa umebomoka miezi michache awali, na makavazi yaliyokuwa yamefungwa yakaanza kufikiwa na watafiti. Makumbusho ya Unteruhldingen yalianza kuchunguza historia yao wenyewe, yakiongozwa na Gunter Schöbel, ambaye ameandika waziwazi kuhusu Reinerth na kazi yake kwa chama. Mwaka wa 2013 jumba la Focke-Museum mjini Bremen lilifanya maonyesho makubwa kuhusu akiolojia chini ya Wanazi, na umma ukatazama kwa macho yake yale ambayo awali yalikuwa ya wataalamu wachache.

Wapo waliosema picha hizo zingeachwa makabatini kwa sababu wahuni wa siasa kali bado wapo, nao huzipenda. Hofu hiyo si ya bure. Ila picha iliyofichwa haiwezi kuulizwa swali.

Mwaka wa 2011 shirika la UNESCO liliweka mabaki ya vijiji hivyo vya nguzo, yaliyomo katika sehemu 111 kandokando ya milima ya Alps, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Familia zimezidi kumiminika Unteruhldingen. Wageni huvuka madaraja ya mbao, huingia nyumba hadi nyumba, pamoja na kile kijiji cha miaka ya 1938 hadi 1940, na kabla ya kuondoka husimama mbele ya ziwa, baba, mama na watoto, wapigwe picha.